Toa Wawili

Kila bustani ya burudani ina mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujua watu wangapi watakuja, kabla wao wenyewe hawajajua kama watakuja. Katika bustani hii mtu huyo alikuwa Bwana Jumla. Jina hilo alibandikwa na wakata tiketi zamani sana, likamkaa mpaka siku moja kadi yake ya kuingilia kazini ikachapishwa hivyo hivyo, BWANA JUMLA, na hakuna aliyeona ajabu. Yeye mwenyewe aliivaa shingoni na kwenda zake.

Siku nne kabla ya kufunguliwa kwa treni mpya alijifungia ofisini kwake, chumba chembamba nyuma ya stoo ya viti vibovu, akatandaza madaftari mezani. Treni iliitwa Kizunguzungu. Ilipanda taratibu juu ya reli mpaka usawa wa ghorofa ya kumi na mbili, ikasimama huko kidogo ili abiria wapate nafasi ya kujuta, kisha ikajitupa chini na kupinduka mara tatu. Bwana Jumla hakuwa na habari na kupinduka kwake. Yeye alitazama viti. Vilikuwa ishirini na vinne, safu nane za watu watatu watatu. Treni ikiondoka kila dakika moja na nusu, ni watu mia tisa na sitini kwa saa. Tangu mlango ufunguliwe saa tatu asubuhi mpaka ufungwe saa kumi na mbili jioni, ni watu elfu nane na mia sita na ushei. Hao ndio watakaopanda. Waliobaki watapanda hasira.

Zile safu za watatu zilikuwa zimemkera tangu mwanzo. Aliwaendea mafundi na daftari lake akawaeleza kwamba watu huja wawili wawili au wanne wanne, na kwa hiyo kila safu itabaki na kiti kimoja kitupu. Mafundi walimsikiliza kwa adabu, wakaendelea kufunga nati. Basi akaanzisha kijia kidogo cha pembeni kwa ajili ya watu waliokuja peke yao, wawe wanaitwa mmoja mmoja kuziba nafasi. Wafanyakazi wakakiita foleni ya wapweke. Siku ya kuijaribu treni, aliyesimama humo alikuwa yeye, akapandishwa kando ya mafundi wawili waliokuwa wakiongea habari za harusi ya mtu.

Sasa alipiga hesabu. Alitazama siku ya kufunguliwa gurudumu kubwa, siku ya kufunguliwa mto wa maji, na siku ya nyumba ya vioo. Shule zimefungwa, mvua zimeisha, mabasi ya kukodi yaliyoagizwa yamefika sitini na moja. Alitazama daftari la mapokezi kuona watu wangapi wamepiga simu kuulizia saa za kufungua, kwa sababu alijua kwa miaka kwamba kati ya kumi wanaopiga, saba huja, na kila mmoja huja na watatu. Alipoweka kalamu chini alikuwa na nambari: elfu thelathini na nane na mia nne.

Sasa kazi hii ina utaratibu wake, na yeye aliurithi kwa aliyemtangulia. Nambari huandikwa kwenye karatasi, karatasi hutiwa kwenye bahasha, na bahasha hupewa meneja mkononi. Meneja huisoma peke yake apate kupanga walinzi, vyoo na maji ya kunywa, kisha huifunga tena, na haifunguliwi mbele ya wafanyakazi mpaka jioni ya siku yenyewe. Haisemwi kwa mtu mwingine yeyote. Watu wakisikia kutakuwa na umati, wanabaki nyumbani, na wakisikia kutakuwa na nafasi, wanakuja wote. Nambari ikishatoka mdomoni, imeoza.

Alikuwa bado analamba gundi ya bahasha simu ilipoita. Alikuwa binti yake.

Nieleze kwanza kwamba binti huyu alikuwa mwanawe wa pekee, ana miaka thelathini na miwili, anaishi mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi, na kwamba alipiga simu labda mara tatu kwa mwaka. Simu hizo zilikuwa fupi. Wakishaulizana afya na mvua, kila mmoja alibaki anasikiliza mwenzake anavyopumua.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, mjukuu wako kaona picha ya hiyo treni yenu, hanipi hata nafasi ya kunywa maji. Anasema treni ni ya babu yake."

"Siyo yangu. Mimi nahesabu watu tu."

"Nimemwambia. Anasema anayehesabu ndiye mkubwa." Binti alicheka kidogo, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyejipanga tangu asubuhi, "Sasa nilikuwa nauliza. Jumamosi, siku ya kufungua. Watu watakuwa wengi?"

Baba yeyote mwenye akili timamu angejibu neno moja: njooni. Mjukuu mwenyewe ana miaka sita na hajawahi kumtia machoni isipokuwa kwenye picha. Lakini Bwana Jumla aliulizwa watu wangapi, na swali la watu wangapi ndilo swali pekee duniani analojua kulijibu.

"Elfu thelathini na nane na mia nne," alisema. "Saa sita mchana foleni itakuwa ya saa nne na dakika kumi. Msije, mama. Njooni mwezi ujao, Jumanne ya pili, saa nane na nusu mchana. Mtasubiri dakika kumi na mbili tu."

"Jumanne yuko shule, Baba."

"Basi likizo ya mwisho wa mwaka."

"Haya, Baba. Nilikuwa nauliza tu."

Simu ilipokatika alibaki ameishika sikioni. Alijisikia, na hili ndilo la kusikitisha, kwamba amefanya jambo jema. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja alikuwa ametoa siri ya bahasha, na alikuwa ameitoa kwa mwanawe ili asije akaumia. Kwake yeye huko ndiko kupenda. Asiyemjua angesema amemfukuza mtoto, na asiyemjua angekuwa sahihi.

Alikuwa na sababu ya kuwaogopea umati, na sababu yenyewe ilikuwa ni yeye.

Miaka ishirini na sita nyuma, binti akiwa na miaka sita, bustani ilifungua gurudumu kubwa. Mama mtoto alikuwa amelazwa kwa ajili ya upasuaji mdogo na nyumbani hapakuwa na mtu, kwa hiyo Bwana Jumla alikwenda na mtoto kazini. Alimkalisha kwenye benchi karibu na mlango wa foleni, akampa chupa ya soda, akamwambia, "Kaa hapa hapa. Usisogee. Nakuja sasa hivi." Kisha akapanda kwenye kibanda chake cha juu, kile kilichosimama kwenye nguzo nne, akaanza kuhesabu.

Umati ukaja kama alivyobashiri, tofauti ya watu mia na kumi tu. Mpaka leo anaikumbuka tofauti hiyo. Mtoto alikaa. Watu walimkanyaga vidole, mtu akaiangusha soda yake, jua likampiga utosini, naye akakaa. Mama mmoja alimwona analia na nguo imelowa, akataka kumwinua. Mtoto akalishika benchi kwa mikono miwili akasema, "Nimeambiwa nisisogee." Ilibidi wamng'oe ndio wakampeleka kwenye chumba cha watoto waliopotea.

Aliyekuwa akisimamia chumba hicho, na anakisimamia mpaka leo, ni mwanamke mnene wa maneno machache ambaye bustani nzima inamwita Mama Waliopotea. Siku ile alimuuliza mtoto baba yake ni nani, akajibiwa, "Anahesabu watu." Mama Waliopotea akaacha chumba, akasukumana na watu, akapanda ngazi za kibanda na kusema, "Mwanao yuko kwangu." Bwana Jumla hakugeuka. Alinyoosha kidole kimoja hewani, kile cha kumwambia mtu angoje. Ilikuwa saa ya kilele. Alimwambia aache saa hii iishe. Ilipoisha hiyo ikaja nyingine. Alikwenda kumchukua mtoto baada ya saa tatu, akiwa na daftari lisilo na hata mstari mmoja uliorukwa.

Mama mtoto hakupiga kelele. Alipopona alifungasha, akamshika binti mkono, wakaenda kwao. Huko alimlea mpaka akawa mtu mzima, na huko alifariki, miaka tisa iliyopita. Bwana Jumla alikwenda kuzika. Alisimama upande wa wageni, hajui mikono aiweke wapi, na mazishi yalipokwisha alimwendea binti yake kumfariji akamwambia, "Watu mia mbili na kumi na wawili. Ni wengi, mwanangu." Ndivyo alivyompa pole. Tangu siku hiyo hawakuwa wameonana.

Ofisini alikuwa na droo ambayo haifungiki kwa urahisi. Kila mchezo mpya unapofunguliwa, kila mfanyakazi hupewa tiketi nne za familia. Wenzake huzimaliza siku hiyo hiyo na kuomba za watu wengine. Yeye aliziweka drooni, na zilikuwa zimejaa, nyingine zina rangi ya chai kwa ukongwe. Alizitia nne za Kizunguzungu juu ya nyingine akaisukuma droo kwa goti.

Ijumaa asubuhi meneja aliharibu mambo. Alikuwa meneja mpya, kijana mchangamfu mwenye viatu vinavyong'aa, na bahasha kwake ilikuwa ushamba. Alihojiwa redioni, mtangazaji akamuuliza kama kweli watu watakuja, na yeye akavimba kichwa. "Wataalamu wetu wamepiga hesabu," alisema. "Watu elfu thelathini na nane na mia nne! Haijapata kutokea!" Bwana Jumla alisikia akiwa ananyoa ndevu, akajikata kidevu.

Alimkuta meneja ofisini kwake kabla hata hajavua koti.

"Umeitangaza."

"Mzee wangu, hayo ndiyo matangazo yenyewe. Watu wanapenda kwenda kwenye watu."

"Watu wanapenda kusema walikuwepo," alisema Bwana Jumla. "Kusimama saa nne juani hawapendi. Hawaji."

"Sasa nambari yako ni ya kweli au siyo ya kweli?"

"Ilikuwa ya kweli mpaka jana."

Meneja alicheka akampigapiga begani. Ndiyo kazi ya vijana wa viatu vinavyong'aa, kumpigapiga mtu begani.

Jumamosi ilifika, jua safi, bendera zimetundikwa. Bwana Jumla aliiacha simu yake ndani ya droo, kama alivyofanya siku zote za kazi, akapanda ngazi za kibanda. Chini ya ngazi kulikuwa na ubao aliouandika kwa mkono wake mwaka ule ule wa gurudumu: MSIMSEMESHE ANAYEHESABU. Rangi yake aliipaka upya kila mwaka. Mkononi alikuwa na kile kidude cha chuma cha kubonyeza kwa dole gumba, mtu mmoja bonyezo moja, na kwenye kimeza mbele yake daftari na penseli.

Langoni kulikuwa na mashine za kuhesabia, lakini hizo hakuziamini, maana huhesabu kigari cha mtoto kama mtu na mtoto wa mgongoni kama si mtu. Na tena kazi yake ilikuwa hapa, kwenye mdomo wa foleni. Anayeingia anabonyezwa, treni inayoondoka inatolewa, na kinachobaki ndicho kinachoandikwa kwenye ubao wa dakika za kusubiri. Kidude hakirudi nyuma. Mtu akiingia kisha akaghairi na kugeuka, ni lazima aandikwe kwa penseli pembeni: toa 1, toa 3. Na ukiacha kuhesabu hata dakika tano, hujui tena foleni ina watu wangapi, siku nzima imeharibika.

Saa tatu milango ilifunguliwa. Waliingia watu, ndiyo, lakini waliingia wakitembea. Siku ya umati watu hukimbia. Saa nne alikuwa tayari anajua. Walinzi walioletwa kwa ajili ya umati walikuwa wameegemea vyuma wakipiga soga, na mitungi ya maji ya ziada ilikuwa imejipanga juani haijaguswa. Ubao ulisema dakika ishirini na tano. Kwa hesabu yake wangemaliza siku na watu elfu kumi na mbili, wala wasizidi. Watu elfu ishirini na sita walikuwa wamekaa majumbani mwao wakiogopana.

Mtu mwingine angefurahi kwamba meneja ameumbuka. Yeye alifikiria kitu kimoja tu, na alikifikiria huku anabonyeza: kwamba wangeweza kuja. Nafasi ilikuwepo. Mjukuu angepanda mara mbili, hata tatu, na yeye aliwaambia msije. Akalipokea hilo kama alivyozoea, kwa kukaza macho kwenye vichwa vya watu. Kutoka kibandani hauoni nyuso. Miaka thelathini na moja alikuwa ameona tosi za watu, kofia, mitandio na vipara.

Saa tano na dakika arobaini walisogea watu wawili kwenye mdomo wa foleni, mwanamke mwenye mwavuli wa kuzuia jua na mtoto wa kike mwenye sweta jekundu. Akabonyeza mara mbili. Wakasimama. Mtoto aliinua uso, akainua na mkono, akaupunga juu kwa nguvu zake zote, kama anayesimamisha gari. Bwana Jumla alitazama nyuma yake kuona anayepungiwa ni nani. Kulikuwa na ukuta. Mkono wake mmoja una kidude na mwingine una penseli, kwa hiyo hakupunga. Mwanamke aliusoma ubao chini ya ngazi, akasema kitu, mtoto akatikisa kichwa kwa ukaidi, na wote wawili wakageuka wakaondoka kule walikotokea. Akaandika pembeni kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: toa 2.

Saa nane na dakika ishirini alisikia ngazi zinalia. Mtu mzito alikuwa anapanda, na anahema. Hakuna aliyewahi kuzipanda ngazi hizo wakati wa kazi tangu ubao uwekwe. Hakugeuka. Alinyoosha kidole kimoja hewani.

"Kidole hicho hicho," ilisema sauti ya Mama Waliopotea. "Siku ile ulininyooshea hicho hicho."

Aligeuka. Mwanamke alikuwa ameshika ukingo wa mlango kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na alikuwa na hasira ambayo ilikuwa imesubiri muda mrefu.

"Leo sijapata mtoto hata mmoja aliyepotea," alisema. "Chumba kitupu. Lakini nilipata wageni. Mama na mtoto wake. Yule mama akamwonyesha mtoto kile kiti cha kona, akamwambia hapa ndipo nilipokaa. Nikamtazama vizuri. Macho ni yale yale, baba. Nilimjua kabla hajaniambia."

"Alivaaje?" aliuliza Bwana Jumla. Alijua, lakini aliuliza.

"Ana mwavuli. Mtoto ana sweta jekundu."

Penseli ilianguka. Chini watu watano waliingia kwenye foleni, halafu watatu, na kidude kikatulia mkononi mwake hakijabonyezwa.

"Nilimwambia wasije," alisema. "Nilimwambia watu watakuwa wengi."

"Kaniambia. Kasema hata redioni wamesikia. Ndiyo maana wakaja, kasema Baba atakuwa peke yake katikati ya watu wote hao. Wametoka kwao saa moja asubuhi. Langoni wameuliza wewe uko wapi, wakaonyeshwa huku. Mtoto kakupungia mkono, wewe ukamtazama tu. Mama yake akasoma ule ubao wako. Nikawaambia kaeni hapa, mchana atashuka kula. Wamekaa, wamesubiri. Hukushuka."

"Huwa sishuki."

"Najua hushuki! Nikatuma mtu, walinzi wakamrudisha. Mimi mwenyewe sikutaka kuja, nakwambia ukweli. Nilishakuja mara moja." Alijifuta uso kwa kitambaa. "Nikamwambia basi kapandeni treni, foleni ni fupi. Mama anataka, mtoto hataki. Anasema safu ina viti vitatu. Anasema hapandi mpaka babu yake ajaze cha tatu."

Bwana Jumla alilitazama daftari. Lilikuwa wazi kwenye ukurasa ule ule, na pale pembeni ilikuwa imeandikwa vizuri, bila kufutwafutwa, kwa mkono usiotetemeka: toa 2.

"Wako wapi?"

"Wameondoka sasa hivi. Basi lao ni la saa nane na nusu. Kaniambia nisikusumbue. Kaniambia nikwambie tu kwamba walikuwa wawili, usije ukakosa hesabu."

Kulikuwa na dakika ambayo angeweza kusema saa hii iishe kwanza. Mazoea ni kitu kibaya, na kidole chake, nasema ukweli, kilitaka kunyooka. Lakini aliliweka lile dude la chuma mkononi mwa Mama Waliopotea, akakunja vidole vyake juu yake, akashuka zile ngazi kama mtu anayekimbia moto. Nyuma yake mama wa watu alibaki amelishika kama amepewa yai, hajui alibonyeze au alitie mfukoni.

Alipita ofisini kuchukua simu. Droo ikakataa kufunguka, akaivuta kwa nguvu mpaka ikatoka yote na tiketi za miaka thelathini na moja zikamwagika sakafuni. Hakuziokota. Simu ilikuwa na jina la binti mara moja tu, saa sita na robo. Alitoka langoni mbio, suruali imemlegea, mashine ikamhesabu kuwa ametoka. Mkata tiketi mmoja alisimama kitini kumtazama. "Huyo ni Bwana Jumla?" aliuliza. Mwenzake akamwambia haiwezekani.

Kituo cha mabasi kilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya maegesho. Kulikuwa na benchi refu, paa la bati, na mwanamume anauza maji. Basi halikuwepo.

"La saa nane na nusu?" alimuuliza.

"Limeondoka hata vumbi halijatulia," alisema muuza maji. "Leo halikungoja kujaa. Watu wenyewe wako wapi? Si walisema mtakuwa wengi?"

Aliketi kwenye benchi. Alipiga simu. Ikaita, ikaita, na alijikuta anahesabu milio, akaacha.

"Baba?" Nyuma ya sauti kulikuwa na ngurumo ya injini.

"Mko wapi?"

"Kwenye basi. Tumepita kituo cha mafuta. Baba, usijali, tulikuja tu kuona, tuta—"

"Nimeshuka."

"Umeshuka wapi?"

"Kibandani. Nimetoka. Niko kituoni."

Injini ilinguruma, na mtoto akasikika kwa mbali akiuliza ni nani.

"Saa hizi?" alisema binti. "Saa hizi si ndiyo kilele? Nani anahesabu?"

"Hakuna anayehesabu."

Alitaka kuongeza mengine. Alitaka kusema habari za benchi, na soda, na kidole, na watu mia mbili na kumi na wawili, na kwamba alimwona mtoto akipunga na akamwandika kwa penseli. Yote yalikuja mdomoni kwa pamoja, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu, mbaya, ya mtu mzima anayejikaza asilie mbele ya muuza maji.

"Baba," alisema binti yake. Sauti ilikuwa imebadilika. Alisikika akimwambia kondakta washushwe hapo mbele, ndiyo, hapo hapo, na kondakta akilalamika. Kisha akarudi kwenye simu. "Baba, unanisikia? Kaa hapo hapo. Usisogee. Tunakuja sasa hivi."

"Haya," alisema.

Kule bustanini foleni ilikwenda bila mtu wa kuijua. Jioni bahasha ilifunguliwa mbele ya wafanyakazi, na hapakuwa na kitu cha kuilinganisha nacho. Mpaka leo kwenye madaftari siku ile haina jumla.

Jua lilikuwa limezunguka na kivuli cha bati kikamkimbia. Likamwangukia utosini. Basi jingine lilikuja likamwaga watu, wakajaa kituoni na mizigo yao, mmoja akamkanyaga mguu bila kujua. Mwanamke mwenye vikapu viwili alimsimamia, akatazama nafasi iliyobaki kwenye benchi.

"Mzee wangu, sogea kidogo basi. Sogea huko kivulini, mbona unaungua?"

Bwana Jumla alilishika benchi kwa mikono miwili.

"Nimeambiwa nisisogee," alisema.